Bessie Coleman, mwanamke aliyevuka bahari kutafuta saa za ndege

Leo tunawaletea maisha ya Bessie Coleman, mwanamke mweusi wa Marekani. Alikufa mwaka 1926, hakuacha mali wala watoto, lakini mpaka leo marubani weusi wa dunia nzima wanamtaja kama vile mtu anavyomtaja nkambo wake. Tumemchagua juu ya sababu moja. Kazi aliyoitamani, walimu wa inchi yake walikataa kumufundisha. Akaenda kuitafuta mbali, Ufaransa, akarudi na karatasi mukononi.

Mu familia zetu iko vijana wanaokwenda kusomea inchi za kigeni, na wazazi wanaojiuliza kama ile masomo itahesabika siku ya kurudi. Habari hii ni yao pia.

Saa za rubani

Kwanza tueleze kintu kimoja cha kazi hii. Wewe unayetumika mu mgodi unajua namna mtu anavyopimwa. Hakuna anayepewa mashine kubwa siku ya kwanza. Unakaa pembeni ya mkubwa wa kazi, unaangalia, unajaribu, anakusahihisha. Na ukihamia kampuni ingine, swali la kwanza ni karatasi: umetumika mashine gani, muda gani, nani alikusimamia?

Kwa rubani ni vile vile, tena kwa ukali kushinda. Kila rubani iko na kitabu chake cha safari. Kila akiruka anaandika: tarehe, aina ya ndege, pahali alipotoka, pahali alipotua, muda aliokaa hewani, na kama alikuwa na mwalimu ao peke yake. Sheria za leo za ndege zinatokana na mapatano yaliyotiwa sahihi mu Chicago mwaka 1944. Kwa kawaida zinadai saa 40 kwa mtu anayetaka kurusha ndege ndogo bila mshahara, na saa 200 kwa anayetaka kulipwa juu ya kazi hiyo. Mu shule iliyokubaliwa hesabu inapunguzwa kidogo. Saa zilizorushwa mu inchi ya kigeni zinahesabika, lakini ni lazima ziwe zimeandikwa vizuri, na serikali ya nyumbani inazichunguza mbele ya kuzikubali.

Wakati wa Bessie Coleman hesabu hiyo haikuwa bado. Mtu alipata karatasi kwa kushinda mtihani hewani. Lakini hakuna aliyeshinda mtihani bila saa za kujifunza, na saa hizo njo mu Marekani walimnyima.

Mtoto wa mashamba ya pamba

Bessie alizaliwa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1892, mu mji mdogo wa Atlanta, jimbo la Texas. Ile si Atlanta kubwa ya Georgia ambayo watu wengi wanaijua. Alikuwa mtoto wa kumi kati ya kumi na tatu. Baba yake, George, alikuwa na damu ya weusi na ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Mama yake, Susan, alikuwa mtumishi mu nyumba za wazungu. Bessie akiwa na miaka miwili, familia ilihamia Waxahachie, inchi ya pamba.

Mwaka 1901 baba alichoka na sheria za Texas zilizomkandamiza pande mbili, kama mweusi na kama mtu wa damu ya wenyeji. Akaondoka kwenda Oklahoma. Mama akakataa kumfuata, akabaki na watoto. Kutoka hapo Bessie alilea wadogo zake, akavuna pamba, akafua nguo za watu.

Shule ya watoto weusi ilikuwa chumba kimoja, kadiri ya kilomita sita kwa mguu. Wakati wa mavuno shule ilifungwa, kwa sababu mikono ya watoto ilihitajiwa mu shamba. Lakini Bessie alikuwa mwepesi wa hesabu na alipenda kusoma. Akaweka akiba ya franga za kufua nguo, kidogo kidogo, na mwaka 1910 akaingia mu shule kubwa ya weusi ya Langston, mu Oklahoma. Akasoma muhula mmoja tu. Pesa ikaisha, akarudi kwa mama yake na beseni la kufulia.

Wazazi wanaosoma hapa wanaijua hali hiyo: mtoto ana akili, lakini pesa ya shule inakatika katikati ya njia. Wengi wanabaki hapo. Bessie alikaa miaka michache, kisha, mu 1915, akapanda gari la moshi kwenda Chicago, kule kaka zake walikuwa wametangulia.

Maneno ya kaka yake

Mu Chicago alijifunza kutengeneza makucha ya watu, akapata kazi mu duka la kinyozi. Wateja wake walikuwa wanaume: wachezaji, wafanyabiashara, watu wa magazeti. Kila siku alikuwa anasikiliza mazungumzo yao akiwa ameinama juu ya vidole vyao.

Vita vya kwanza vya dunia vikaisha. Kaka zake wawili, Walter na John, walikuwa wamevaa uaskari mu Ufaransa. John alipenda masikani. Siku moja akaingia mule kwa kinyozi, akaanza kumcheka dada yake mbele ya watu: wanawake wa Ufaransa wanawashinda ninyi wa huku, wao wanarusha hata ndege. Watu walicheka. Bessie hakucheka. Kutoka siku ile akajua kazi anayotaka.

Akaenda kuuliza shule za ndege za Marekani. Zote zikamkatalia. Kwa zingine kosa lilikuwa rangi, kwa zingine kosa lilikuwa kuwa mwanamke, na yeye alikuwa na yote mawili. Hata hakukuwa na rubani mweusi wa kumufundisha kwa siri.

Hapo njo akaingia mtu mwenye maana kubwa mu habari hii: Robert Abbott, mwenye gazeti la weusi lililoitwa Chicago Defender. Alimuonyesha Bessie njia: kama mlango wa huku umefungwa, jifunze kifaransa, uende Ufaransa, kwa sababu kule wanafundisha wanawake. Bessie akaingia mu masomo ya kifaransa mu mji. Akaacha makucha, akachukua kazi ya kusimamia restora moja iliyolipa vizuri zaidi. Akaweka akiba. Abbott akamusaidia, na mwenye benki mweusi wa Chicago, Jesse Binga, akamusaidia pia. Mwezi wa kumi na moja wa 1920 akapanda meli mu New York.

Miezi saba mu Le Crotoy

Alikwenda kaskazini mwa Ufaransa, pwani ya Somme, mu kijiji cha Le Crotoy. Kule ndugu wawili wa familia ya Caudron, waliojulikana sana kwa kutengeneza ndege, walikuwa wameanzisha shule yao. Bessie alikuwa peke yake mweusi kati ya wanafunzi.

Ndege waliyojifunzia iliitwa Nieuport 82. Usifikiri ndege unazoziona leo mu kiwanja cha Luano. Ile ilikuwa mbao, waya na kitambaa kilichopakwa rangi, mabawa mawili moja juu ya ingine. Haikuwa na volan wala freni. Rubani alishika fimbo mbele yake kwa kupanda, kushuka na kulala pembeni, na chini ya miguu kulikuwa kipande cha mti cha kugeuzia mkia. Mwanafunzi alikaa nyuma ya mwalimu. Kelele ya motere ilikuwa kubwa, mwalimu hawezi kusema neno. Ilimpasa Bessie kuangalia mikono ya mwalimu na kugusa fimbo yake polepole, ili asikie namna ile ya mbele inavyosogea.

Mbele ya kila safari mwanafunzi alizunguka ndege nzima: waya zimekazwa, kitambaa hakijapasuka, hakuna kitu kilicholegea. Ilikuwa sheria ya maisha. Mwenzake mmoja mu masomo alianguka na ndege, akakufa, na Bessie aliiona. Alikiri baadaye kwamba jambo lile lilimtikisa sana. Lakini hakuacha masomo.

Hivi njo alipata saa zake, moja kwa moja, mu baridi ya upepo wa bahari, mu luga ya watu wengine.

Siku ya mtihani ilipofika, kazi ilikuwa wazi. Kuzunguka njia ya kilomita tano, kupanda hewani kufika metre 50 na zaidi, kuchora namba nane kwa ndege, kisha kuzima motere mbele ya kugusa udongo na kutua karibu na alama, isizidi metre 50. Bessie alishinda yote. Tarehe 15 mwezi wa sita 1921 akapewa karatasi ya Fédération Aéronautique Internationale, umoja wa ndege wa dunia ulioanzishwa 1905. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Tutazame vizuri maana ya karatasi ile. Mu Marekani ya wakati ule, sheria ya inchi nzima ya kudai karatasi kwa kila rubani haikuwapo. Mzungu aliweza kununua ndege na kuruka bila kuulizwa. Lakini mwanamke mweusi, akisema anajua kuruka, nani angemwamini? Karatasi ya Ufaransa ilikuwa na nguvu juu ya ilitoka kwa umoja wa dunia. Wale waliomkatalia kumufundisha hawakuweza kuifuta.

Kurudi, na kuondoka tena

Mwezi wa tisa 1921 alifika New York, na watu wa magazeti walimpokea. Lakini sifa haileti posho. Njia za abiria zilikuwa bado changa, na hakuna kampuni iliyotaka rubani kama yeye. Kazi iliyobaki ilikuwa michezo ya angani: watu wanalipa kuingia uwanjani, rubani anageuza ndege juu chini, anaanguka kama jiwe, kisha anajinyanyua karibu na udongo.

Bessie alijua ukweli wa saa zake: zilitosha kwa mtihani, hazikutosha kwa michezo ile. Mu Chicago hakuna aliyekubali kumufundisha. Basi hakujidanganya na karatasi aliyokuwa nayo. Mwezi wa pili 1922 akavuka bahari mara ya pili. Akasoma tena Ufaransa miezi kadiri ya miwili, akapita Uholanzi kwa Anthony Fokker, mtengenezaji mkubwa wa ndege, kisha akaenda Ujerumani kujifunza na marubani wa kampuni hiyo. Akarudi mwezi wa nane.

Tarehe 3 mwezi wa tisa 1922 akaruka mbele ya watu, mu kiwanja cha Curtiss, karibu na New York. Sikukuu ile ilikuwa ya heshima kwa askari weusi wa kikosi cha 369 waliopigana mu Ufaransa. Mwezi uliofuata akaruka mu Chicago, mbele ya familia yake.

Mlango mmoja

Pesa ya michezo haikuwa shabaha yake. Alitaka kufungua shule ya ndege, ili kijana mweusi asilazimike tena kuvuka bahari kutafuta mwalimu. Kila franga aliyoipata aliiangalia kwa macho ya shule ile.

Lakini hakukubali kila pesa. Kampuni moja ya sinema ilimwita kucheza filamu. Alipoambiwa kwamba mwanzoni ataonekana amevaa matambara, kama mtu mujinga anayefika mjini, akaondoka. Wengine walimkasirikia, wakaona anajivuna. Yeye aliona kwamba weusi wamechekwa vya kutosha.

Mwezi wa pili 1923, mu Los Angeles, motere ya ndege yake ya kwanza, Curtiss ya zamani ya jeshi, ilizimika mara tu alipopanda. Akaanguka, akavunjika mguu na mbavu. Toka kitandani cha hospitali aliwatumia watu habari kwamba ataruka tena. Ilimchukua muda mrefu kupona na kupata pesa ya ndege.

Mu 1925 alirudi Texas. Tarehe 19 mwezi wa sita, siku weusi wa Texas wanakumbuka mwisho wa utumwa, aliruka mu Houston. Mu Waxahachie, mji wa utoto wake, wenye uwanja walipanga milango miwili, wazungu huku, weusi kule. Bessie akasema wazi: kama mlango si mmoja, haruki. Wakakubali. Ndani walikaa bado mbalimbali, lakini mlangoni waliingia pamoja. Yeye aliyevuna pamba ya mji ule, safari hii njo aliweka masharti.

Akazunguka makanisa na shule, akionyesha sinema za safari zake na kuwaambia vijana kwamba anga haina rangi. Mu Orlando, Florida, alifungua duka la kutengeneza nywele ili kuongeza pesa ya shule.

Ufunguo mu mashine

Mwanzo wa 1926 aliweza kulipia ndege ingine, Curtiss nzee, mu Dallas. Fundi wake, William Wills, kijana mzungu wa miaka 24, aliirusha mpaka Jacksonville, Florida. Njiani alilazimika kutua mara kadhaa juu ya motere inasumbua. Watu waliompenda Bessie walimsihi asipande ile ndege. Lakini michezo ilikuwa imetangazwa kwa tarehe moja ya mwezi wa tano, na watu walikuwa wanangoja.

Asubuhi ya tarehe 30 mwezi wa ine, walipanda pamoja kuangalia uwanja. Wills aliongoza. Bessie alikaa kiti kingine, na hakufunga mukaba, kwa sababu alitaka kuinama pembeni na kuchagua pahali atakaporuka na parashuti kesho yake. Alikuwa mfupi; na mukaba asingeona chini.

Ndege ikainamisha pua kwa ghafla, ikaongeza mbio, ikageuka. Bessie akatupwa nje, akakufa pale pale. Alikuwa na miaka 34. Wills akabaki anapigana na ndege mpaka ikaanguka, naye akakufa. Kisha watu wakakuta mu mabaki ufunguo wa fundi, ule wa kukazia buloni. Uliteleza, ukaingia kati ya vyuma, ukafunga njia ya uongozi.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu wengi wenu mmekwisha kusikia habari kama hii kazini. Chombo kilichosahauliwa ndani ya mashine. Mashine ambayo kila mtu anajua inasumbua, lakini kazi imetangazwa na haingoji. Mukaba usiofungwa juu ya unazuia kutumika vizuri, tena kwa dakika chache tu. Bessie alikuwa na saa nyingi, karatasi ya dunia, na mafundisho ya inchi tatu. Saa zile hazikumkinga na mambo matatu aliyoyajua tangu Le Crotoy. Tunaandika hivi bila kumhukumu. Tunafikiria yule atakayeshuka mu shimo kesho asubuhi.

Siku ishirini baada ya kifo chake, tarehe 20 mwezi wa tano 1926, Marekani ilitia sahihi sheria ya kwanza ya ndege ya inchi nzima, iliyoleta karatasi za lazima kwa marubani na uchunguzi wa ndege zenyewe.

Waliofuata

Mwili wake uliagwa mu Jacksonville, kisha Orlando, kisha ukapelekwa Chicago kwa gari la moshi. Maelfu ya watu walikuja, na Ida B. Wells, mwandishi shujaa aliyepigania haki za weusi, aliongoza maziko.

Shule yake hakuiona. Lakini mwaka 1929, mu Los Angeles, William Powell alianzisha chama cha ndege chenye jina la Bessie Coleman, kikafundisha weusi, wanaume kwa wanawake. Mu Chicago marubani weusi walianza kuruka kila mwaka juu ya kaburi lake na kuangusha maua. Kati ya marubani wa Chicago alikuwamo John Robinson. Mu 1935, Waitalia walipotaka kuinyakua Ethiopia, Robinson alivuka bahari kwenda kumtumikia mfalme Haile Selassie, akaongoza ndege zake. Baadaye alirudi tena kule kufundisha vijana wa Ethiopia. Hivi mafundisho yalifika hata mu Afrika.

Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani juu kabisa, alibeba picha ya Bessie. Mu 1995 Posta ya Marekani ilitoa tembre yenye sura yake, na mu 2023 sura hiyo ikawekwa juu ya pesa ya chuma ya senti 25.

Basi, wazazi, mtoto akisema anataka kazi ambayo hakuna mtu wa familia ameifanya, musimucheke mbele ya wageni. Na kama njia ya masomo yake inapita inchi ya kigeni, mumwambie aandike kila saa, atafute sahihi ya mwalimu, achunge kile kitabu kama anavyochunga paspoti. Akirudi, watamuuliza kitabu kile mbele ya kumuuliza jina la baba yake.